Kadi ya miaka miwili: namna ya kuondoa masharti ukiwa umeoa au umeolewa na raia wa Marekani

Karibu kila wiki naletewa picha ya kadi ya ukaazi wa Marekani, green card, kwenye WhatsApp. Kidole gumba kimefunika jina, taa ya sebuleni inameta juu ya plastiki, na chini yake swali ni lile lile: "Mbona yangu ni ya miaka miwili na ya binamu yangu ni ya kumi? Wamekosea?" Nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, na mara moja katikati ya harusi ya watu nikiwa na sahani mkononi. Sasa nimeliandika, ili ukiniuliza nikutumie hapa.

Mimi si wakili. Nimepita njia hii mwenyewe, nikakosea hesabu ya siku, bahasha ikanirudia. Tangu hapo nimekaa mezani na watu kadhaa wakijaza fomu hiyo hiyo. Kama umewahi kukamatwa na polisi, kama una amri ya kuondolewa nchini, au kama ndoa yenyewe imeingia doa, soma mwongozo huu kisha mwone wakili wa uhamiaji kabla hujatuma chochote.

Kadi hii ni ya namna gani

Ukipata ukaazi wa kudumu kupitia ndoa, na siku unapoupata ndoa haijatimiza miaka miwili, ukaazi huo unakuwa na masharti, na kadi inakuwa ya miaka miwili. Sheria hii ni ya mwaka 1986, wakati Bunge la Marekani lilipotaka kuwabana watu wanaooana kwa ajili ya makaratasi tu. Tarehe ya ndoa inayohesabiwa ni ile ya kwenye cheti ulichowapelekea. Siku ya posa na siku ya sherehe hazimo.

Itazame kadi yako, sehemu ya aina ya ukaazi. CR1 ni aliyeingia nchini na viza ya mwenzi. CR6 ni aliyebadilishiwa hadhi akiwa tayari ndani. Watoto huwa CR2 au CR7. Ukiona IR badala ya CR, huna masharti, funga ukurasa huu ukapumzike. Na yule binamu yako mwenye kadi ya miaka kumi huenda alishinda bahati nasibu ya viza, ile ya DV. Washindi wa DV na familia zao hawaguswi na habari hii.

Haki zako ni zile zile za mkaazi yeyote wa kudumu: unafanya kazi, unasafiri, na miaka hii miwili inahesabika ukija kuomba uraia. Tofauti ni kwamba kadi hii haiongezwi muda kama leseni ya udereva. Unaomba masharti yaondolewe kwa Fomu I-751, inayopelekwa Idara ya Uraia na Uhamiaji, USCIS. Usipoomba, ukaazi unakoma wenyewe siku miaka miwili inapotimia, na unaweza kupelekewa wito wa kufika mbele ya jaji wa uhamiaji.

Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Kadi yako, na nakala zake za mbele na nyuma. Kama kuna mtoto wa CR2 au CR7, kadi yake pia.
- Fomu I-751 ya toleo la sasa, iliyopakuliwa bure kwenye tovuti ya USCIS.
- Cheti cha ndoa. Vyeti vya talaka za zamani viwe karibu, kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa kabla.
- Karatasi za maisha yenu ya pamoja, kuanzia siku ya ndoa hadi leo.
- Watu wawili au zaidi wanaowajua ninyi wote wawili na walio tayari kuandika kiapo.
- Dola 750 za ada.
- Anwani utakayokuwa nayo miezi ijayo. Kama mnahama mwezi ujao, lipange hilo mapema.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta siku yako ya kwanza na ya mwisho

Mnaoomba pamoja, wewe na mwenzi wako, mna dirisha la siku 90 kabla ya kadi kuisha. Ombi likifika kabla ya dirisha kufunguka, linarudishwa. Likifika baada ya kufungwa, umechelewa na utadaiwa maelezo.

Siku 90, ndugu yangu, si miezi mitatu. Tuseme kadi imeandikwa inaisha tarehe 10 Juni 2027. Hesabu kinyumenyume. Siku 10 za Juni zinakurudisha 31 Mei. Siku 31 za Mei zinakurudisha 30 Aprili, hapo umetumia 41. Siku 30 za Aprili zinakufikisha 31 Machi, umetumia 71. Zimebaki 19: unatua 12 Machi. Anayehesabu miezi mitatu atasema 10 Machi, na bahasha yake itatangulia kwa siku mbili. Hilo ndilo kosa langu mimi. Nilijiona mjanja, nikatuma kwa posta ya haraka ili niwe wa kwanza mlangoni.

Inayohesabiwa ni siku bahasha inapopokelewa, si siku uliyoiacha posta. Ushauri wangu: lenga ifike wiki ya pili au ya tatu ya dirisha. Hapo hujatangulia, na bado una nafasi ya kutuma tena ikirudi kwa sababu ya sahihi iliyosahaulika.

Anayeomba peke yake, kwa sababu nitakazozieleza mbele, habanwi na dirisha hili.

2. Kusanya ushahidi wa ndoa

Hapa ndipo kazi ilipo. Ofisa atakayefungua bahasha yako hakujui. Hajui nani hukoroga chai asubuhi na nani huacha viatu mlangoni. Anachokiona ni karatasi, na anajiuliza kama watu hawa wawili wana maisha mamoja: paa moja, mfuko mmoja, na mipango ya kesho.

Anza na paa. Mkataba wa pango wenye majina yote mawili, au karatasi za mkopo wa nyumba. Kama mmehama mara mbili, weka mikataba yote mitatu. Bili za umeme, maji na intaneti husaidia, hata kama moja ina jina lake na nyingine lako, maadamu anwani ni moja.

Halafu fedha. Akaunti ya pamoja iliyofunguliwa mwezi uliopita na kuwekwa dola mia mbili haimwambii mtu kitu, au inamwambia jambo ambalo hutaki alisikie. Kinachosema ni akaunti ambayo mshahara unaingia na pango linatoka. Chagua taarifa za miezi tofauti, kwa mfano moja kila baada ya miezi mitatu, kutoka mwanzo hadi sasa. Hazihitajiki zote ishirini na nne.

Kodi inabeba uzito mkubwa. Omba IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wakupe muhtasari wa ritani zenu za kodi za kila mwaka tangu muoane. Ni bure, na zinapatikana mtandaoni. *Angalia:* wapo watu wengi ambao ndoa ilipofungwa waliendelea kujaza ritani kama mtu asiye na ndoa, kwa sababu "ndivyo jamaa wa kodi alivyonifanyia". Mwenye ndoa anajaza pamoja na mwenzake, au wawili hao wanajaza kila mmoja yake kama wanandoa. Ukiikuta ritani ya namna ile, irekebishe kwa Fomu 1040-X kabla ya kutuma I-751. Karatasi mbili za serikali moja zinazokupinga wewe mwenyewe ni shida ya kujitakia.

Bima za gari, za afya, na za maisha ambapo mmoja amemwandika mwenzake kuwa mrithi, zote ziingie. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wenu chenye majina ya wazazi wote wawili kina nguvu sana, ingawa kukosa mtoto si kosa wala hakuna anayekudai.

Picha ziwe chache. Kumi au kumi na tano zinatosha, za miaka tofauti na za watu tofauti, kila moja na maelezo mafupi ya tarehe, mahali na waliomo. Picha sitini za siku ya harusi zinathibitisha kwamba kulikuwa na harusi.

Usidharau karatasi ndogondogo. Niliwahi kukaa na wanandoa, bwana akiendesha lori la masafa marefu, bibi akifanya zamu za mchana. Hawakuwa na safari hata moja ya pamoja wala picha za ufukweni. Wakaniambia hawana ushahidi. Tulipofungua droo ya jikoni tukakuta bili za simu za mpango wa familia, za miaka miwili. Tukakuta fomu ya chekechea yenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, majina yao mawili juu kabisa, na sahihi zao chini. Tukakuta karatasi ya kliniki ambapo bibi alimwandika bwana kuwa mtu wa kupigiwa simu dharura ikitokea. Bahasha yao ilikuwa nzito kuliko yangu.

Kama kazi inawalaza miji tofauti, usifiche. Andika ukurasa mmoja unaoeleza nani yuko wapi, tangu lini, na mnaonana vipi, kisha uambatanishe tiketi au risiti.

*Angalia:* karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza lazima iende na tafsiri kamili, pamoja na maelezo ya mfasiri yaliyotiwa sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi. Hii inahusu cheti cha kijijini, na inahusu pia zile kurasa arobaini za ujumbe wa simu mnazotaka kutuma. Kila "umekula?" na kila "poa" itabidi itafsiriwe. Mimi ningeziacha.

3. Omba viapo kwa watu wanaowajua kweli

Hati za viapo zisipungue mbili. Mwandishi awe anawajua ninyi wote wawili tangu ulipopata ukaazi. Aandike jina lake kamili, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa, uhusiano wake nanyi, na namna alivyoyajua anayoyasema. Kisha atie sahihi.

Kiapo dhaifu kinasema: "Wanapendana sana na ni watu wenye heshima." Kiapo kizuri kinasema: "Niliishi ghorofa ya chini yao kuanzia mwaka fulani. Walipokwenda kumzika baba yake waliniachia funguo, nikawa naingia kumwagilia maua." Usiwaandikie watu watatu maneno yale yale ukabadilisha majina tu. Ofisa anasoma hizi kila siku, ataona.

4. Jaza fomu

Kila ukurasa wa fomu una tarehe ya toleo chini. Kurasa zote ziwe za toleo moja, na toleo hilo liwe linalokubaliwa siku unayotuma. Usichukue fomu ambayo rafiki alikuhifadhia kwenye simu tangu mwaka juzi.

Namba yako ya uhamiaji iko kwenye kadi, palipoandikwa USCIS#. Kwenye sehemu ya msingi wa ombi, wanaoomba pamoja wanachagua kisanduku cha ombi la pamoja. Anayeomba peke yake anachagua sababu yake, na anaweza kuchagua zaidi ya moja.

Sehemu ya watoto: waandike watoto wako wote. Wote, hata yule anayelelewa na bibi yake nyumbani, hata mtu mzima, hata asiyehusika na ombi hili. Mtoto aliyeachwa nje ya fomu leo ndiye utakayehangaika naye siku utakapotaka kumleta, ukiulizwa mbona hukuwahi kumtaja. Mtoto aliyepata ukaazi wa masharti siku ile ile uliyopata wewe, au ndani ya siku 90 baada yako, anaingia kwenye ombi lako. Aliyekuja baada ya hapo anajaza I-751 yake mwenyewe.

Swali la kukamatwa na polisi lijibiwe kwa ukweli, hata kama kesi ilifutwa. Ambatisha hati ya mahakama inayoonyesha mwisho wake. Alama zako za vidole zitasema hata kama wewe utanyamaza.

5. Sahihi na malipo

Mnaoomba pamoja, sahihi ni mbili: yako na ya mwenzi wako. Fomu isiyo na sahihi inarudishwa bila kusomwa. Kama mwenzako hataki kutia sahihi, usimsainie. Kuna njia halali, nenda sehemu ya ndoa iliyovunjika hapa chini.

Ada ni dola 750 tangu tarehe 1 Aprili 2024, na ndani yake mna gharama ya alama za vidole. Mwongozo wa zamani unaosema 595 na 85 umepitwa. Vilevile, tangu mwishoni mwa Oktoba 2025, hundi za karatasi na hawala za posta kwa kawaida hazipokelewi tena kwa maombi ya karatasi. Unalipa kwa kadi ya benki ukijaza Fomu G-1450, au moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ya benki iliyoko Marekani ukijaza Fomu G-1650. Hakikisha fedha zipo siku wanapozivuta, maana malipo yakikataliwa na benki ombi linarudi. Ada hubadilika, kwa hiyo fungua ukurasa wa ada wa USCIS siku ile ile unayotuma.

Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe ada kwa Fomu I-912, pamoja na uthibitisho wa kipato chake.

6. Piga nakala, kisha tuma

Piga picha au nakala ya kila karatasi, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ukiitwa kwenye mahojiano baadaye sana, utataka kujua ulisema nini.

Panga hivi: fomu ya malipo juu, Fomu G-1145 kama unataka ujumbe wa simu wakikupokea, halafu I-751, nakala ya kadi, kisha ushahidi ukiwa na orodha mbele yake. Acha albamu na mafaili ya plastiki nyumbani. Tuma nakala, si vyeti halisi, isipokuwa umeombwa halisi.

Anwani ya kutuma inategemea jimbo unaloishi. Na kuna anwani mbili: moja ya posta ya serikali, nyingine ya kampuni za usafirishaji wa vifurushi. Usizichanganye. Chukua namba ya kufuatilia mzigo na uitunze.

7. Ipokee barua ya risiti na uitunze kama pasipoti

Wakishakubali ombi watakutumia barua ya I-797. Tangu tarehe 25 Januari 2023 barua hii inaongeza uhalali wa kadi yako kwa miezi 48 baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Zamani ilikuwa miezi 24, na kabla ya hapo 18. Urefu huo peke yake unakuambia foleni ilivyo.

Kadi iliyoisha pamoja na barua hiyo ndio uthibitisho wako wa ukaazi, kwa mwajiri, kwa ofisi ya leseni na uwanja wa ndege. Moja bila nyingine haikufikishi mbali. Ukisafiri, beba barua halisi. Mfanyakazi wa shirika la ndege huko unakotoka huenda hajawahi kuiona, kwa hiyo fika mapema na umwonyeshe mstari unaotaja miezi 48.

8. Alama za vidole

Utaletewa barua ya siku, saa na mahali. Wengine huambiwa alama zao za zamani zitatumika, basi hawaendi. Ukiitwa na siku haikufai, omba ibadilishwe kabla haijafika. Kutokwenda bila taarifa kunaweza kufanya ombi lihesabiwe kuwa limetelekezwa.

9. Subiri, lakini usilale

Ukihama, wajulishe USCIS ndani ya siku 10, kwa Fomu AR-11 au kupitia akaunti yako ya mtandaoni. Usitegemee posta ikupelekee barua zao kwenye anwani mpya.

Endeleeni kuhifadhi karatasi. Wakiona ushahidi haujatosha watakuandikia kuomba zaidi, na barua hiyo ina tarehe ya mwisho. Jibu mara moja, kwa mkupuo, kila kitu kikiwa ndani, kwa sababu nafasi ya kujibu ni moja. Wengine huitwa kwenye mahojiano, wengine huidhinishiwa kwa karatasi tu. Mkiitwa na mliomba pamoja, nendeni wote wawili, na mchukue karatasi mpya za tangu mlipotuma.

Ombi likipita, kadi ya miaka kumi inakuja kwa posta.

Kama ndoa imevunjika, au inaelekea huko

Watu wananiuliza hili kwa sauti ya chini, kana kwamba ni kosa la jinai. Ndoa ya kweli inaweza kufa, na sheria inalijua hilo. Unaweza kuomba peke yako, bila sahihi ya mwenzi, katika hali hizi: mmeachana lakini mlioana kwa nia njema, mwenzi amefariki, ulipigwa au ulitendewa ukatili mkubwa na mwenzi, au kuondolewa nchini kutakuletea mateso yaliyopita kiasi.

Kwa waliotalikiana, utatakiwa kuonyesha hukumu ya mwisho ya talaka. Talaka ya kutamkwa nyumbani, au barua ya wazee wa ukoo au ya msikiti, haitachukua nafasi ya hukumu ya mahakama ya hapa. Kama kesi bado iko mahakamani, watakuandikia kuidai hukumu hiyo. Ushahidi ni ule ule wa hatua ya 2, na uzito unakuwa kwenye nia yenu mlipooana na maisha mliyoishi. Andika na maelezo yako mwenyewe: mlikutanaje, mliishije, kiliharibika nini. Huna haja ya kumpaka matope mtu.

Kama mliomba pamoja na talaka ikaja ombi likiwa bado foleni, hulazimiki kuanza upya. Wapelekee hukumu pamoja na barua ukiomba ombi la pamoja ligeuzwe kuwa la mtu mmoja.

Aliyepigwa au kutishwa hahitaji kusubiri talaka. Taarifa zako zinalindwa kisheria, mwenzi wako haambiwi. Yule anayekuambia "nitakufutia makaratasi" hana uwezo huo. Simu ya taifa ya waathirika wa ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233, saa zote, na wana wakalimani.

Jambo moja la pembeni ambalo raia wengi hawalijui: ile ahadi ya kukutunza kifedha aliyoitia sahihi kwenye Fomu I-864 haifi na talaka.

Na kwa anayefikiria ndoa ya kununua: adhabu ni kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000, kwa pande zote mbili. Zaidi ya hapo, ukishawekewa alama ya ndoa ya udanganyifu, hata ukija kuoa kwa dhati baadaye, ombi la mwenzi huyo wa kweli halitapitishwa.

Mambo yakienda mrama

*Bahasha imerudi.* Soma karatasi ya juu, sababu imeandikwa. Mara nyingi ni siku, sahihi, ada au toleo la fomu. Rekebisha na utume tena mara moja. Ombi lililorudishwa halikusimamishii saa.

*Tarehe imepita na sijatuma.* Tuma sasa, leo, na barua inayoeleza sababu ya kuchelewa pamoja na ushahidi wake: ulilazwa, ulifiwa, na kadhalika. Inaweza kukubaliwa kama sababu ni nzito na haikuwa mikononi mwako. "Sikujua" ni sababu nyepesi. Kama umeshapata wito wa mahakama, tafuta wakili kabla ya lolote jingine.

*Nimejaza I-90 badala ya I-751.* I-90 ni ya kubadilisha kadi iliyopotea au ya miaka kumi iliyoisha. Haiondoi masharti, na haikulindi wakati dirisha linafungwa. Tuma I-751.

*Ndoa ilikuwa imeshatimiza miaka miwili nilipoingia nchini, lakini kadi imetoka CR1.* Hutokea pale viza inapotolewa ndoa ikiwa changa, kisha safari ikachelewa. Hapo kosa ni lao, na hapo sasa I-90 ndiyo fomu yako, ukichagua sababu ya kosa la idara na kuambatisha cheti cha ndoa.

*Barua ya risiti imepotea au haikufika.* Piga simu kituo cha huduma cha USCIS. Ukihitaji uthibitisho haraka, omba miadi ya kugongewa mhuri wa I-551 kwenye pasipoti. Mhuri huo unaonyesha ukaazi wako kwa muda ulioandikwa juu yake.

*Jamaa anayetengeneza makaratasi anasema ana mtu ndani.* Hana. Anayeruhusiwa kukushauri kisheria ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria anayefanya kazi kwenye shirika linalotambuliwa. Muulize leseni yake iko wapi. Na usitie sahihi kwenye fomu tupu, hata mbele ya mtu wa kwenu.

*Miaka mitatu ya ukaazi imefika na I-751 bado haijajibiwa. Naweza kuomba uraia?* Ndiyo, kama bado umeoana na raia yule yule na mmeishi pamoja miaka yote hiyo mitatu. Fomu N-400, ya kuomba uraia, inaweza kutumwa hadi siku 90 kabla ya miaka mitatu kutimia, na hesabu ya siku ni ile ile ya hatua ya 1. Uraia hautatolewa kabla I-751 haijaamuliwa, hivyo mara nyingi ofisa huyaamua yote mawili kwa pamoja. Siku ya mahojiano nenda na mwenzi wako hata kama barua imetaja jina lako peke yako, na uchukue lile faili la nakala ulilolihifadhi kwenye hatua ya 6.